Uzi: Nyumba 30, uso mmoja. Royal Crescent ya Bath ukiizungukia kwa nyuma

#1 Timazi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa mawe, mzaliwa wa Tanga, nipo Bristol mwaka wa tisa huu. Fundi wa kushika mwiko, sio wa kuchora ramani. Juzi kwenye ule uzi wa majengo makali duniani mtu aliweka picha ya Royal Crescent ya mji wa Bath, chini akaandika "ikulu ya mfalme wa Uingereza". Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe mara ya kwanza kuiona nilidhani hivyo hivyo.

Sio ikulu. Ni nyumba 30 za watu tofauti, zimeshikana ukuta kwa ukuta, safu nzima ikapindishwa kama mwezi mchanga. Jiwe la kwanza liliwekwa Mei 1767, kazi ikaisha kama 1774. Aliyechora ni John Wood mdogo, mtoto wa John Wood mkubwa ambaye naye alikuwa mjenzi hapo hapo Bath. Urefu wa safu ni kama mita 150. Mbele zipo nguzo 114, kila moja unene wake sentimita 76 hivi, zinaanzia ghorofa ya kwanza na kupanda ghorofa mbili kwa mkupuo. Chini, usawa wa barabara, hakuna nguzo wala urembo, ni ukuta mtupu uliopigwa msasa, madirisha na milango. Ule ukuta mtupu ndio unaozibeba nguzo machoni pako. Angeweka urembo na pale chini, jengo lingechoka kabla hujamaliza kuliangalia.

Na angalieni alivyokuwa bahili wa mapambo. Hakuna sanamu, hakuna paa la pembetatu katikati. Safu nzima katikati yake imewekewa alama ndogo tu: nguzo mbili mbili badala ya moja moja, na dirisha moja lenye tao. Basi. Mimi nilipita mara tatu sijaiona.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Wood hakujenga nyumba 30. Alijenga USO. Mteja alikuwa ananunua kipande cha uso, mita zake kadhaa na nguzo zake, halafu nyuma ya uso huo anatafuta fundi wake mwenyewe amjengee nyumba anayoitaka. Kwa hiyo ukiwa mbele unaona jengo moja lililotulia kama limemiminwa. Zunguka nyuma kwenye kichochoro uone vituko! Huyu kapandisha, yule kashusha, huyu katokeza chumba, yule bomba la maji limekatiza dirishani, mapaa hayalingani, madirisha hayaelewani. Wenyeji wana msemo wao, kwamba nyumba hizi mbele ni Queen Anne, nyuma ni Mary-Anne. Yaani mbele malkia, nyuma dada wa kazi.

Mimi naipenda ile ya nyuma kuliko ya mbele, na sababu nitaieleza. Karibuni.

#2 Mjukuu wa Kota

Mkuu Timazi, kwa maelezo yako huo ni utapeli wenye nguzo. Mimi nimekulia kota za reli Morogoro, nyumba kumi zimeshikana, mbele zinafanana na nyuma zinafanana, choo cha jirani unakijua kwa sababu ni kama cha kwenu. Hiyo ndiyo nyumba ya safu. Hao wamevaa koti zuri ndani shati limechanika.

#3 Hati Mkononi

Niko kwenye mambo ya ardhi, niruhusuni niingie hapo.

Mjukuu, sio utapeli, ni mtaji. Wood hakuwa na pesa ya kujenga nyumba 30 za kifahari, na hata angekuwa nayo asingeithubutu. Mfumo waliutumia tangu kwa baba yake. Mzee Wood alipoanza Queen Square mwaka 1728 alikodi ardhi kwa bwana mmoja aitwaye Robert Gay, akaigawa viwanja vyembamba, akawapangisha wajenzi wadogo kwa mikataba mirefu ya miaka 99. Miaka ya mwanzo wakati mjenzi anajenga, kodi ni ya jina tu. Mjenzi anainua boma, anafunga paa, analiuza kabla kodi yenyewe haijaanza kuuma. Mnunuzi anamalizia ndani.

Sharti kubwa ndani ya mkataba lilikuwa uso. Urefu huu, dirisha hapa, jiwe hili, mstari wa paa huu. Nyuma ya hapo fanya utakalo. Kwa hiyo mzee aliweza kupata jengo la sura ya ikulu upande wa kaskazini wa Queen Square kwa kutumia mifuko ya watu wengine. Mtaji wake ulikuwa ramani na kipengele cha mkataba. Mtoto akaja kufanya vile vile kwenye Crescent, kwenye ardhi aliyoipata kwa familia ya Garrard mwishoni mwa 1766.

Hiyo sehemu ya "fanya utakalo" ndiyo iliyouza viwanja. Ungemwambia mtu ajenge mbele na nyuma kwa amri yako, asingenunua.

#4 Pipeline Ghorofa Nane

Wabongo hamjambo. Naandika nikiwa Nairobi, mtaa wa Pipeline, jina langu linaeleza ninakaa wapi. Huku kwetu kila landlord anajenga mpaka mwisho wa ploti yake, uso wake, rangi yake, balkoni yake inapigana na balkoni ya jirani, unaweza kusalimia mtu wa ng'ambo kwa mkono. Hakuna mtu alimwuliza mwenzake chochote.

Swali langu ni moja: huo mkataba uliisha zamani. Ni nani anawazuia hao watu 30 leo? Mmoja akiamka ataka vigae vya bafuni mbele ya nyumba, si anaweka?

#5 Timazi

Hahaha Pipeline, umeuliza kitu ambacho kilifika mpaka serikalini.

Safu nzima imeandikishwa daraja la kwanza la majengo ya kihistoria, na mji wote wa Bath uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1987. Kwa hiyo hata kubadili dirisha ni barua. Miaka ya 1970 mama mmoja mwenye nyumba namba 22 alipaka mlango wake rangi ya njano. Milango mingine yote nyeupe. Halmashauri ikampelekea amri arudishe nyeupe. Mama akagoma, akakata rufaa, suala likapanda mpaka kwa waziri wa mazingira, na mama akashinda. Mlango uko pale mpaka leo, wa njano. Watalii wanaupiga picha kuliko nguzo.

Ila kuna mabadiliko ambayo hayakuzuiwa na mtu, na ndiyo yalikuwa makubwa kuliko rangi. Karne ya 19 wenye nyumba wengi walishusha vizingiti vya chini vya madirisha ya ghorofa ya kwanza ili wapate dirisha refu la kisasa la wakati ule. Ukisimama mbele leo, angalia mstari wa chini wa madirisha yale: hapa umepanda, pale umeshuka. Namba 1 ilipofanyiwa ukarabati mwishoni mwa miaka ya 1960 ili iwe makumbusho, walirudisha vizingiti juu kama Wood alivyoviweka, na fito za madirisha wakazirudisha za awali. Ndipo unapojua jicho lilikuwa linasumbuliwa na nini. Mlango wa njano haugusi umbo la jengo. Kizingiti kikishuka sentimita thelathini, nguzo nazo zinaonekana zimepoteza pa kukanyaga.

#6 Bi Kidaka

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Mjini Unguja, nimestaafu, nimefanya kazi kwenye mambo ya majumba ya zamani. Mwanangu Timazi umenifurahisha, ila ngoja nikutie adabu kidogo.

Huo uso mnaousifu, kwetu haukuwa na kazi hiyo. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe au ya Lamu ukiipita njiani unaona ukuta wa chokaa, mlango wa kuchonga, na labda baraza. Kwisha. Uzuri uko ndani: ua, vidaka (vile vishubaka vya ukutani), lipu ya kuchonga. Mwenye mali hakutaka mpita njia aijue mali yake. Hao wa Bath mambo yao yamegeuka, vizuri vyote vimetolewa nje, nyuma wakaacha ovyo. Sisemi ni vibaya. Nasema kila mmoja alijua anamjengea nani. Wa kwetu alimjengea mgeni aliyekwishakaribishwa ndani. Wa Bath alimjengea anayepita.

Sasa swali la kazi. Hilo jiwe ni la namna gani? Sisi tuna jiwe la matumbawe na chokaa ya kuchoma, na upana wa chumba tunaamuliwa na boriti ya mkoko, mita mbili na nusu au tatu, haizidi. Wao nini kiliwaamulia?

#7 Timazi

Wa alaykum salaam Bi Kidaka, shikamoo mama. Nimekubali adabu.

Jiwe ni la chokaa pia, wanaliita jiwe la Bath, rangi ya asali iliyochanganywa na maziwa. Ukiliangalia kwa karibu kabisa lina punje punje ndogo mviringo kama mayai ya samaki. Lilichimbwa kwenye vilima vya Combe Down juu ya mji. Mwenye machimbo alikuwa Ralph Allen, aliyetajirika kwa mambo ya posta. Mwaka 1731 alikuwa tayari ana njia ya reli ya mbao, magari yanateremka na jiwe kwa uzito wake mpaka mto Avon. Alitaka kuliuza London, na kule wajenzi wakalidharau kwamba ni laini, wakalifananisha na jibini. Yeye akamwambia Wood mkubwa amjengee jumba lake, Prior Park, kwa jiwe hilo hilo, mlimani pale juu, mji mzima ulione. Tangazo la biashara lenye vyumba.

Uzuri wake ni kwamba linakatika kwa msumeno upande wowote. Likitoka ardhini lina unyevu wake, laini, unalichonga kama sabuni ya mche. Ule unyevu ukikauka, uso unakuwa mgumu. Sharti moja: lazima ulilaze ukutani kama lilivyokuwa limelala ardhini. Ukilisimamisha, baada ya miaka linaanza kumenyeka kama kitunguu.

Sasa nieleze kwa nini napenda nyuma. Miaka miwili iliyopita nilipata kibarua cha miezi mitatu kwenye nyumba moja ya safu ya zamani pale Bath, sitaitaja wala kampuni sitaitaja. Kazi ilikuwa upande wa nyuma. Mbele ni jiwe la kukatwa sawasawa, jointi nyembamba kiasi kwamba kadi ya benki haipiti. Nyuma ni mawe ya ovyo yaliyopangwa na chokaa, jointi vidole viwili. Mtu kabla yetu, miaka ya nyuma, alizijaza jointi zile kwa simenti. Alidhani anaimarisha. Simenti haipumui, kwa hiyo maji ya mvua yakiingia ukutani hayana pa kutokea isipokuwa kwenye jiwe lenyewe. Msimu wa baridi yanaganda, yanatanuka. Nilipopanda siku ya kwanza niligusa jiwe moja kwa kidole gumba, kipande cha uso wake ukubwa wa sahani kikadondoka kwenye mbao za jukwaa, nyuma yake unga mkavu kama wa mhogo. Simenti yenyewe ikabaki imesimama imetokeza, jiwe limerudi ndani, mfano wa fremu ambayo picha imeondoka.

Tulikaa wiki tano tunatoa simenti kwa patasi na nyundo ndogo, maana mashine ingekata jiwe. Halafu tukarudisha chokaa. Msimamizi wangu, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa anaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka. Nikamwambia Tanga babu yangu alikuwa anafanya hivyo hivyo. Akaniuliza babu yako alisoma wapi. Nikamwambia baharini.

Kwa hiyo Bi Kidaka, ule upande wa nyuma ndiko unakoona nyumba ilivyojengwa kweli. Mbele wameficha kila kitu.

Kuhusu upana: nyumba hizi zinabeba sakafu kwa mbao kutoka ukuta wa ubia (unaoshirikiwa na majirani wawili) wa huku hadi wa kule, kwa hiyo na wao mti uliwaamulia, ila mti wao ni mrefu kuliko mkoko wetu.

#8 Bi Kidaka

Simenti! Wallahi umenitonesha. Nimeshuhudia kuta Shangani zikipigwa simenti na watu wenye digrii. Endelea baba.

#9 Mzee wa Kipimo

Nimekuwa nasoma kimya. Tukiongelea Bath msiseme Crescent bila kusema Circus iliyo jirani. Nyumba 33 kwenye duara kamili, limekatwa vipande vitatu na barabara tatu, kwa hiyo kila unapoingilia unakutana uso kwa uso na ukuta uliopinda. Huo ni wa baba, jiwe la kwanza 1754, mzee akafariki miezi michache baadaye, mtoto akamalizia. Pale wameweka mitindo mitatu ya nguzo mmoja juu ya mwingine, na mkanda wa michongo 525: nyoka, vyombo vya kupimia, alama za sanaa. Juu ya ukingo wa paa kuna mbegu za mwaloni za mawe. Mzee alipima mwenyewe Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale, aliamini Bath ulikuwa mji wa makuhani wa kale, na kipenyo cha Circus kinakaribiana na cha Stonehenge.

Na ukitazama kutoka angani, Queen Square, Gay Street na Circus vinatengeneza umbo la ufunguo. Circus jua, Crescent mwezi. Wapo wanaosema hao walikuwa Freemason.

#10 Timazi

Mzee wa Kipimo, mapenzi ya mzee Wood kwa Stonehenge hayana ubishi, aliandika mwenyewe. Lakini ufunguo unaonekana kutoka angani, na 1754 hakuna aliyeruka. Jua na mwezi nakupa nusu. Anayetembea kwa miguu kutoka Circus anapata kitu tofauti: unatoka kwenye duara lililokufunga pande zote, unafuata mtaa mfupi ulionyooka usioahidi chochote, nyumba za kawaida, halafu kona, na ghafla upande mmoja wote uko wazi, majani yanateremka mpaka bondeni. Hapo ndipo nilipomheshimu mtoto. Baba alifunga watu ndani ya mji, mtoto akafungua ukuta kwa mashamba.

Na ule uwazi nao una ujanja. Kati ya majani ya juu ya wakazi na malisho ya chini kuna handaki lenye ukuta upande mmoja. Ukiwa juu hulioni, unaona majani yanaendelea tu, lakini ng'ombe wa chini hawezi kupanda. Jina lake kwa Kiingereza ni "ha-ha". Sitanii.

#11 Binti wa Chang'ombe

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Niliwahi kutembezwa Bath na mwongozaji akasema madirisha yaliyozibwa kwa mawe ni kwa sababu ya kodi ya madirisha. Ni kweli?

#12 Hati Mkononi

Kodi ilikuwepo kweli dada, 1696 hadi 1851, na watu waliziba. Lakini sio kila dirisha bandia ni la kukwepa kodi. Mengi yalijengwa yamezibwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu uso ulihitaji dirisha pale ili upande wa kulia ulingane na wa kushoto, wakati ndani mahali hapo pana dohani au ukuta wa ubia. Ukikuta limezibwa kwa jiwe lile lile, jointi zile zile, ujue mara nyingi hapakuwahi kuwa na kioo. Waongozaji wanapenda kodi kwa sababu ina kisa.

#13 Binti wa Chang'ombe

Asante kaka. Na ndani je? Maana tumezunguka nje tu kama wezi.

#14 Timazi

Ndani nenda namba 1, ni makumbusho. Mtu alinunua nyumba 1967 akaitoa kwa taasisi ya kuhifadhi mji, ikarudishwa ilivyokuwa. Miaka ya karibuni waliiunganisha tena na jengo la pembeni yake, 1A, ambalo lilikuwa sehemu ya watumishi na lilikuwa limetenganishwa.

Mpango wake ni wa wima. Chini ya usawa wa barabara jiko na stoo. Chini kwenye mlango mkubwa chumba cha kulia. Ghorofa ya kwanza sebule kubwa ya wageni, ndiyo maana nguzo zinaanzia hapo na dari liko juu kuliko kwingine kote. Juu zaidi vyumba vya kulala. Mwisho kabisa chini ya paa ni watumishi. Kwa hiyo mtumishi analala juu kabisa na anafanya kazi chini kabisa, na kila ndoo ya maji, kila makaa, kila chungu cha usiku kinapita ngazi hizo katikati. Jikoni wameonyesha gurudumu ukutani ambalo waliweka mbwa mdogo ndani yake akimbie ili nyama izunguke motoni.

Na kitu ambacho wengi hawakijui: barabara ya mbele imeinuliwa. Haikukaa ardhini. Hawakuchimba shimo kubwa kwa ajili ya besimenti, walijenga vyumba vya tao mbele ya nyumba, wakapitisha njia juu yake. Ndani ya matao hayo ndimo walimohifadhi makaa, yakimiminwa kupitia tundu la duara lenye kifuniko cha chuma njiani. Ndiyo maana ukienda nyuma bustani iko chini sawa na jiko. Unatembea barabarani kumbe uko juu ya stoo ya mtu.

#15 Mjukuu wa Kota

Sawa, nimelainika kidogo. Lakini mnazungumza nguzo mnaruka pesa. Nani alikuwa analala kwenye hizo sebule? Bristol iko pua na mdomo na Bath. Bristol ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Sukari ya Jamaika ndiyo imesimamisha hizo nguzo, tuseme au tusiseme?

#16 Timazi

Tuseme. Ila tuseme kwa vipimo. Siwezi kukuambia nguzo ya ngapi imetoka kwenye shamba gani. Bath ulikuwa mji wa kuja kuoga maji ya moto, kucheza karata na kutafutiana wachumba, na wengi wa waliokuja kutumia pesa waliipata kwenye mashamba ya miwa. William Beckford, ambaye familia yake ilitajirika kwa mashamba ya watumwa Jamaika, alihamia safu nyingine ya hapo juu, Lansdown Crescent. Serikali ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake kwa sheria ya 1833, fidia ya pauni milioni 20 walipewa wamiliki, sio waliomilikiwa, na baadhi ya waliopokea walikuwa wakazi wa Bath. Hayo yameandikwa, yana majina na anwani.

#17 Hati Mkononi

Na ongeza hili Mjukuu, litakufaa. Jina "Royal" halikuwepo mwanzoni, iliitwa The Crescent tu. Liliongezwa mwishoni mwa karne ya 18 baada ya mtoto wa mfalme, Duke wa York, kuja kukaa pale. Kwa hiyo yule aliyeandika ikulu alikosea kwa njia ambayo wauza nyumba waliitaka.

#18 Pipeline Ghorofa Nane

Na haikuwahi kuanguka? Hawa watu wanajenga kwenye mlima, jiwe laini, bila chuma. Huku kwetu ghorofa saba inalala chini kabla wapangaji hawajaingia.

#19 Timazi

Crescent yenyewe haikuanguka, ilipigwa. Aprili 1942 ndege za Wajerumani zilishambulia Bath, watu zaidi ya 400 wakafa, na nyumba namba 2 na 17 ziliungua ndani zote kwa mabomu ya moto. Nyuma ya uso zikajengwa upya. Unaona mfumo wa Wood ulivyofanya kazi mara ya pili?

Lakini umegusa ndugu yake aliyepata ajali. Nenda Camden Crescent, ng'ambo ya mji, iliyoanza 1788, mchoraji John Eveleigh. Upande wa mashariki mlima ukateleza, nyumba za mwisho hazikuwezekana, wakaziacha. Matokeo yake sehemu yenye pembetatu, iliyotakiwa kuwa katikati, leo iko pembeni, kama mtu aliyevaa kofia upande. Na pembetatu hiyo ameibeba kwa nguzo tano! Nguzo hesabu yake huwa shufwa ili katikati pawe wazi. Yeye kasimamisha nguzo katikati kabisa. Mwaka 1793 mabenki yakayumba, benki ya mji ikafunga, Eveleigh mwenyewe akafilisika. Mimi huwa naenda kuiangalia Camden nikiwa nimekosea kazi.

#20 Mjukuu wa Kota

Hiyo ndiyo safu yangu. Na nyumba za akina sisi zilikwenda wapi? Mafundi waliochonga hizo nguzo walilala wapi?

#21 Hati Mkononi

Kwenye safu ndogo za chini karibu na mto na kwenye miteremko, jiwe lile lile, madirisha mawili badala ya matatu, bila nguzo. Nyingi zilivunjwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 kupisha majengo mapya. Halmashauri ilitunza makubwa, madogo ikayaita uchakavu. Makelele yalipopigwa ndipo wakasimama, lakini mitaa mizima ilikuwa imekwenda.

#22 Mzee wa Kipimo

Kuna wakati Haile Selassie aliishi Bath. Alikaa Crescent?

#23 Timazi

Hapana mzee. Alikaa Fairfield House, nyumba ya peke yake upande wa magharibi, alipokuwa uhamishoni kuanzia 1936, na 1958 akaitoa kwa mji. Nimepita pale. Haijashikana na mtu.

#24 Binti wa Chang'ombe

Mwongozaji wangu alisema pia kuna msichana wa Crescent alitoroka dirishani zamani hizo. Ni kweli au ni hadithi yake tena?

#25 Hati Mkononi

Dirisha sikuhakikishii, kutoroka ndiyo. Elizabeth Linley, mwimbaji, alitoka namba 11 mwaka 1772 na Richard Sheridan, aliyekuja kuwa mwandishi wa tamthilia, wakakimbilia Ufaransa. Safu yenyewe ilikuwa haijamalizika, kwa hiyo waliondoka katikati ya vumbi la mafundi.

#26 Bi Kidaka

Mwanangu Timazi, mimi miguu haifiki tena huko. Nataka picha mbili. Moja ya jointi za mbele kwa karibu, weka kitu pembeni nijue ukubwa. Ya pili ya ukuta wa nyuma mliourudishia chokaa, nione kama imeshika au imeanza kupasuka nywele nywele. Baridi mbili zimepita, sasa ndio itasema kweli.

#27 Timazi

Nimekusikia mama. Jumamosi sina kazi, nitapanda basi. Ya mbele nitaweka sarafu pembeni. Ya nyuma nitalazimika kusimama juu ya pipa la taka kichochoroni, ukuta wa bustani ni mrefu, na mwenye nyumba alikuwa ananijua nikiwa na kofia ya kazi, sijui bila kofia itakuwaje.

#28 Pipeline Ghorofa Nane

Vaa kofia.